TSH Kwanza: Kusoma Majibu ya Homoni Wakati wa Kukoma Hedhi

Mhadhara wa umma, Katana



Mama wa miaka 48 anafika kwa mganga. Usiku jasho humtoka hadi kitenge kinalowa, moyo humwenda mbio, usingizi haupatikani, na hedhi inaruka miezi. Majirani wamekwisha kumwambia ni umri. Huenda hawakukosea. Lakini tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, nayo ikizidisha kazi huleta dalili hizo hizo, na sisi wa Kivu tuna sababu yetu ya kuikumbuka.

Miaka ya 1960, kisiwani Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu letu, Delange, Thilly na Ermans kutoka Ubelgiji waliona jambo la ajabu. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi wachache tu. Uchunguzi uliwafikisha kwenye muhogo. Usipolowekwa na kukaushwa vizuri, sumu inayobaki ndani yake hugeuka mwilini kuwa thayosayanati, nayo huizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo.

Kisha ikaja chumvi yenye iodini, ikawaokoa watoto wengi. Ila rovu la siku nyingi, lenye vinundu, likipata iodini ghafla laweza kumwaga homoni bila kipimo. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya ugonjwa huo kutoka hapa Kivu. Chumvi hiyo tusiiache. Tukumbuke tu kwamba mama wa miaka 50 leo alikua kabla haijaenea.

Sasa tushike karatasi ya mfano, ya mama yule wa miaka 48: TSH 0.02, T4 huru (homoni ya thairoidi isiyoshikwa na protini za damu) iko juu, FSH 38. TSH, inayoisukuma thairoidi, na FSH, inayozisukuma ovari, zote hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ni kama msimamizi wa shamba: wafanyakazi wakilegea hupaza sauti, wakizidisha kazi hunyamaza. FSH iliyopanda yasema ovari zinalegea. TSH ya kawaida kwa mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4. Hii ya 0.02 ni ukimya, maana thairoidi inamwaga homoni kupita kiasi. Mama huyu ana mambo mawili kwa pamoja. Tukisoma FSH peke yake tutamrudisha nyumbani na moyo unaoweza kupoteza mapigo yake ya kawaida, na mifupa inayopungua nguvu upesi.

Tena FSH ni kigeugeu. Miaka ya mpito kuelekea ukomo wa hedhi yaweza kuwa 38 leo na mwezi ujao ikashuka chini ya 10. Aliyevuka miaka 45 hatuhitaji FSH kutambua kwamba amefikia ukomo wa hedhi: tunamsikiliza, na miezi 12 bila hedhi, pasipo sababu nyingine, inatosha. Kipimo hicho kina kazi kwa ambaye hedhi imemkatika kabla ya miaka 40. Na yeyote ambaye hedhi imechelewa, hata akiwa na miaka 47, apimwe mimba kwanza.

Kabla ya kuamini namba, muulizeni mama anameza nini. Vidonge vya kupanga uzazi hushusha FSH. Vidonge vya estrojeni hupandisha T4 ya jumla bila tezi kuugua, ndiyo maana tunaomba T4 huru. Vitamini za nywele zenye biotini nyingi, katika baadhi ya mashine, huonyesha TSH ya chini isiyo ya kweli.

Damu ikirudi baada ya ile miezi 12, msingoje homoni wala karatasi: mama achunguzwe mlango wa kizazi na kizazi chenyewe.

Najua kipimo hulipiwa kwa fedha ya familia. Basi mama aliyevuka miaka 45, mwenye jasho na moyo wa mbio, akibakiwa na fedha ya kipimo kimoja tu baada ya kile cha mimba, wauguzi wangu, mshikeni shingo mtafute rovu, kisha andikeni TSH. Ukomo wa hedhi atawaeleza mwenyewe. Ugonjwa wa tezi una dawa, na hauna sababu ya kungoja.