Barua tatu mezani: namna ya kuchagua chuo kikuu kwa masomo ya juu ya sheria

Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa zilizohamishwa makwao na viongozi wao



Mliniita kwa sababu ya binti yetu mmoja. Sitataja jina lake, ninyi mnamjua. Alimaliza lisansi ya sheria wakati jamaa yake ilikuwa tayari imekimbia mara mbili. Aliandika kwa vyuo vikuu, akaomba masomo ya juu, na sasa barua tatu ziko mezani: moja ya Kinshasa, moja ya Dar es Salaam, moja ya Ubelgiji. Jamaa ilikaa ikazungumza. Kisha wazee wakakaa pia, kwani feza za kutafsiri na kuhakikisha diploma zilitoka katika mchango wa wote. Sasa kila mtu ana barua yake. Baba mdogo anataka Ubelgiji. Mama anataka Dar es Salaam. Wazee wengi wanataka Kinshasa, na sababu yao nitaisema baadaye, maana ndiyo inayonihangaisha zaidi.

Sikuja kumchagulia. Nimekuja kuwaeleza mambo ambayo mtu wa sheria anayaona katika barua hizo, na ambayo jirani au shangazi hawezi kuyaona.

Kwanza, isomeni barua yenyewe, msisome kichwa chake tu. Barua ya kukubaliwa si buruse. Chuo kinasema: "Tunakupokea." Hakisemi: "Tutakulipia." Nimeona jamaa zikichinja mbuzi siku ya barua, na miezi miwili baadaye zikauliza nani atalipa minervali. Tena kuna barua yenye sharti na barua isiyo na sharti. Yenye sharti inasema: utapokelewa ukileta cheti cha Kiingereza, au ukileta diploma ya asili, au ukilipa sehemu ya kwanza kabla ya tarehe fulani. Mpaka sharti litimizwe, hamna nafasi, mna ahadi tu. Katika barua tatu za binti yetu, mbili zina sharti.

Pili, sheria ya wapi? Hapa nitakaa kidogo. Mtu anayesoma udaktari wa mwili anaweza kuusoma Kampala au Liège, na ini la mgonjwa ni lile lile. Sheria si hivyo. Sheria ya Kongo ilitoka kwa Wabeljiji, nao waliitoa kwa Wafaransa. Maagano ya kuuza, kukopa na kupanga nyumba katika nchi yetu yanatoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Hakimu wetu anaanza na kifungu kilichoandikwa. Dar es Salaam na Makerere wanafuata njia ya Waingereza, ambapo hukumu za zamani za mahakama kubwa zina nguvu ya kumfunga hakimu wa leo. Mwanafunzi wetu akifika kule ataambiwa asome kesi mia moja kwa Kiingereza, naye amezoea kusoma kodi kwa Kifaransa. Kiswahili chake kitamsaidia sokoni na ndani ya basi. Darasani watafundisha kwa Kiingereza.

Je, ni vibaya? Hapana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na sheria ndiyo fakulte iliyotangulia zote. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara wetu wanapita Kigoma na Dar es Salaam kila juma, na mabishano yao yanahukumiwa kwa sheria za kule. Avoka Mkongomani anayejua njia zote mbili atakuwa na kazi. Na ulizeni chuo swali hili kwa maandishi: mwanafunzi kutoka nchi ya Jumuiya analipa kama mwenyeji au kama mgeni? Tofauti ya feza inaweza kuwa kubwa kuliko buruse ndogo.

Ubelgiji ina faida yake: ni sheria ya jamaa moja na yetu, kwa Kifaransa, na maktaba zake zina vitabu juu ya sheria ya Kongo ambavyo hapa vimeungua au vimeibwa. Kinshasa ina faida ambayo watu wanaidharau: waalimu wanaojua tribinali zetu zinavyotenda kweli, si tu zinavyoandikwa. Anayetaka kufundisha katika vyuo vyetu, au kufika doktora hapa nchini, Kinshasa si njia ya maskini. Ni njia fupi.

Swali ambalo jamaa nyingi hawaulizi ni hili: baada ya diploma, atafanya kazi gani? Wengi wanafikiri kwamba masta ya Ulaya inamfanya mtu kuwa avoka mkubwa. Kwa sheria yetu ya tarehe 28 Septemba 1979, anayetaka kuwa avoka anapashwa kuwa na lisansi ya sheria, kuandikishwa kwenye baraza la maavoka, na kufanya mazoezi ya miaka miwili chini ya avoka wa zamani. Masta haiondoi hata siku moja ya miaka hiyo miwili. Wala masta ya Ubelgiji haimpi ruhusa ya kusimama mbele ya mahakama za Ubelgiji. Kama anataka kutetea watu Uvira au Bunia, labda lililo la haraka ni mazoezi, na masomo ya juu yangoje. Kama anataka kufanya kazi ya haki za binadamu, kuandika ripoti, kushauri mashirika au kusimama mbele ya mahakama za Afrika, basi masta ina maana. Kwa kazi ya namna hiyo kuna pia Pretoria: chuo kile kimekuwa na masta ya haki za binadamu na demokrasia katika Afrika tangu mwaka 2000, mwaka mmoja, nusu Pretoria na nusu katika chuo kingine. Hakuiandikia, lakini vijana wengine waliopo hapa waweke sikio.

Kuna neno la vyeti pia. Kwa mfumo wa zamani mtu alifanya gradua miaka 3 na lisansi miaka 2, jumla 5. Mfumo mpya wa LMD ulienea katika vyuo vyetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, na lisansi yake ni miaka 3. Neno ni moja, miaka ni tofauti. Ofisi ya mbali ikiona "lisansi" inaweza kuhesabu 3 na kumrudisha nyuma. Binti yetu ana ile ya miaka 5. Atume pamoja na diploma karatasi za matokeo ya kila mwaka, miaka yote mitano, na barua fupi ya chuo inayoeleza. Na siku atakaporudi na diploma ya nje, ataomba ilinganishwe na zetu kwenye wizara ya elimu ya juu. Asitupe hata karatasi moja.

Najua mnasema: karatasi gani, nasi tulikimbia na watoto mgongoni? Ni kweli. Aliyepoteza diploma ya Serkali au ya chuo aanze leo kuomba nakala, asingoje barua. Na aliye nazo azipige picha, azitume kwa ndugu wawili walio katika miji miwili tofauti. Mwaka 2025, wakati Goma ilipotekwa mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, banki za Goma zilifungwa na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Mwenye feza katika konti hakuweza kulipa. Mwenye miadi Kinshasa alipashwa kuzunguka kwa nchi za jirani. Hivyo mkihesabu safari ya viza, hesabuni njia ya vita, msihesabu njia ya ramani.

Juu ya feza. Buruse nyingi zina kamba. Ile ya serkali ya Uingereza inayoitwa Chevening inadai saa 2,800 za kazi kabla ya kuomba, na inadai mtu arudi nchini mwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Sisemi kwamba kamba hiyo ni mbaya. Kwetu sisi pengine ni nzuri. Lakini ijulikane mbele. Tena kuna kosa linalorudi kila mara katika kambi: mtu anasikia kwamba wakimbizi wanapewa buruse ya DAFI, anaomba, anakataliwa, anafikiri amebaguliwa. Buruse ile ni kwa wakimbizi, ni kusema waliovuka mpaka, na hasa kwa digrii ya kwanza. Sisi tuliohamishwa ndani ya nchi yetu, machoni pa sheria, si wakimbizi. Mateso ni yale yale, lakini mlango ni mwingine. Wala msimlipe mtu yeyote anayesema atawapatia buruse kwa dola mia mbili. Buruse ya kweli haiuzwi.

Sasa wanipe uvumilivu wazee, kwani nafika kwenye sababu yao.

Wazee wanataka Kinshasa kwa sababu wanataka arudi upesi awe avoka wetu, atuchukulie mashamba yetu mikononi mwa wale waliobaki. Ninaelewa. Mimi pia nina lupango ambalo sijaliona kwa miaka. Lakini sikieni namna sheria ya udongo ilivyo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni mali ya Serkali, na watu wanapewa haki ya kuutumia. Juu ya mashamba tunayoshika kwa desturi, kifungu cha 389 kilisema Rais atatoa ordonansi ya kupanga haki zake. Ordonansi hiyo ilingojewa makumi ya miaka. Ndiyo maana yule anayelima shamba lako leo anaweza kuwa na karatasi ya chefu, na wewe una karatasi ya chefu mwingine, na hakuna mmoja wenu mwenye hati ya kuandikishwa. Avoka wa upande mmoja anaweza kushinda kesi kama hiyo. Nimeona ikishindwa na kushindwa tena, na kila hukumu ikaleta moto mpya usiku uliofuata.

Kuna maandiko mengine ambayo msichana huyu akiyasoma vizuri yatatusaidia kuliko kesi kumi. Mapatano ya Nchi za Maziwa Makuu ya mwaka 2006 yana protokole nzima juu ya mali ya watu wanaorudi makwao. Mkataba wa Kampala wa tarehe 23 Oktoba 2009 unasema juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao. Hayo yanataka mtu anayejua kuketi na pande mbili, na ambaye upande wa pili hautamwita "avoka wa wale." Mkimtuma kwa feza za kabila moja na ahadi ya kabila moja, mmemfunga midomo kabla hajaanza kusoma. Hata akisoma Louvain miaka kumi.

Kwa hiyo ninaomba mchango ule uandikwe kama zawadi au kama mkopo, kiasi kijulikane, na usiwe deni la kupiga kesi ya shamba la mtu fulani. Kama ni mkopo, aurudishe kwa feza. Mzee mmoja ameniambia jana kwamba maneno haya ni ya watu wa mashirika. Labda. Lakini yeye mwenyewe ana bibi kutoka upande ule mwingine, na watoto wake watarithi pande zote mbili.

Neno moja dogo juu ya mchumba wake, kwani limesemwa hapa kwa sauti ya chini. Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 ilidai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kwa matendo ya sheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Wazungumze wawili, ni vizuri. Ruhusa haihitajiki.

Basi tarehe. Dar es Salaam wanataka jibu ndani ya siku 21. Ubelgiji wanataka uthibitisho wa feza, na feza hizo hatuna. Aandike leo kuuliza kama nafasi inaweza kusukumwa mwaka mmoja, kwani vyuo vingi vinakubali mtu akiuliza mapema na kwa adabu. Kinshasa wanaweza kungoja kidogo zaidi. Mimi kwa maoni yangu ningeshika Dar es Salaam kama jibu juu ya minervali ni zuri, na kama si zuri ningeenda Kinshasa bila haya. Yeye ana maoni yake, na amekaa pale karibu na dirisha akiandika kila kitu.

Tufungue maswali. Yule mama wa nyuma aliinua mkono tangu nilipotaja mbuzi, tuanze naye.