Magurudumu Manne: Mkono Wako au Kompyuta?

Wasikilizaji wa Lubumbashi, shofere anayetoka hapa kwenda Pweto wakati wa mvua anajua potopoto inayomngoja. Leo tuzungumzie gari linalovuta kwa magurudumu manne.

Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, kazi mara nyingi ni ya mkono. Unashuka, unazungusha kifundo cha katikati ya kila gurudumu la mbele kutoka FREE hadi LOCK, kisha ndani unasogeza wenzo mdogo kutoka H2 (magurudumu mawili) kwenda H4 (magurudumu manne). Fanya hivyo kabla ya kuingia matopeni. Gari likishazama, utakitafuta kifundo hicho kwa vidole ndani ya maji machafu.

Ukirudi kwenye lami kavu, rudisha H2. Tafadhalini, hili mlishike! Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Udongo huyaachia yateleze kidogo. Lami haiyaachii, na mkazo wote huishia kwenye ekseli na giaboksi. Usukani unakuwa mzito, mwishowe kitu kinavunjika.

Mfumo wa otomatiki, ule wa kompyuta, hupeleka nguvu kwenye magurudumu mengine wenyewe, mara nyingi baada ya gurudumu moja kuteleza. Kwa mvua ya mjini unafaa sana. Kwenye tope refu, klachi yake huweza kupata moto ikaachia. Kwa njia ya Pweto, mimi nachagua wenzo.

Ukinunua gari la mtumba, mwambie muuzaji aingize H4 na L4 (magurudumu manne kwa mwendo wa polepole) mbele yako, juu ya udongo, kabla hujatoa pesa.