Somo kwa Redio: Ulimi wa Mkunga na Afya ya Mama

(Maneno ya somo lililotayarishwa kwa madarasa ya watu wazima, Buhongwa, Mwanza. Msomeni pamoja darasani, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.)

Fungueni madaftari yenu, na mwenye kalamu aishike.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila mtu amepata kuliona, lakini ni wachache wanaojua kwamba wataalamu wamelichunguza, wakalihesabu na kuliandika. Jambo lenyewe ni hili: namna mwuguzi au mkunga anavyosema na mgonjwa yaweza kumletea nafuu, na pia yaweza kumletea madhara.

Huenda mzee mmoja hapo nyuma anauliza, "Je, maneno yamekuwa dawa? Mimi nikienda zahanati nataka sindano na vidonge, sitaki hadithi." Mzee wangu, swali lako ni zuri. Tulijibu polepole.

Tuanze na mwili wenyewe. Ndani ya mwili wa binadamu mna vitu viitwavyo homoni. Homoni ni kama matarishi: hupita katika damu na kupeleka habari kutoka sehemu moja ya mwili mpaka nyingine. Mama anapojifungua, homoni iitwayo oksitosini huliamuru tumbo la uzazi likaze, ili mtoto atoke. Lakini mtu akiingiwa na hofu kubwa, mwili hutoa homoni nyingine, adrenalini. Hiyo ndiyo inayoupigisha moyo mbio unapokutana na nyoka njiani. Adrenalini ikizidi, uchungu waweza kulegea na kazi ya kuzaa ikachelewa. Basi mmeona: hofu haikai moyoni tu. Hushuka mpaka tumboni.

Jambo hili halikuanza kujulikana jana. Mwaka 1859 mwuguzi Mwingereza, Florence Nightingale, aliandika kitabu juu ya uuguzi. Humo alionya kwamba wasiwasi, na kungoja bila kujua litakalotokea, humdhuru mgonjwa. Tangu hapo wauguzi na wakunga wa nchi nyingi wameendelea kuchunguza. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi 26 uliofanywa katika nchi 17, kwa wanawake zaidi ya 15,000. Waliwalinganisha wanawake waliokuwa na mtu wa kukaa nao na kuwatia moyo wakati wote wa uchungu, na wale waliopata huduma ya kawaida tu. Waliokuwa na mtu wa kuwatia moyo walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida bila kupasuliwa, na uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo. Tena, waliolalamika baadaye juu ya kuzaa kwao walikuwa wachache zaidi.

Sasa turudi nyumbani Tanzania. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, wachunguzi waliwauliza wanawake waliojifungua katika vituo vya afya na hospitali kama walitendewa kwa heshima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wanawake 1,779 waliulizwa walipokuwa wanatoka kituoni. Katika kila wanawake 100, wapata 19 walisema walitendewa vibaya: kufokewa, kutishwa, au kuita msaada bila kuitikiwa. Kisha baadhi yao, wanawake 593, waliulizwa tena nyumbani baada ya majuma kadhaa. Safari hii wapata 28 katika kila 100 ndio waliosema hivyo.

Andikeni hesabu hiyo katika madaftari: 19, halafu 28. Kwa nini imeongezeka? Fikirini wenyewe. Mtu akiwa bado mlangoni pa hospitali, atasema yote yaliyo moyoni? Nyumbani mtu hupumzika, akakumbuka, akasema bila woga. Hapa tunapata funzo: ukimwuliza mgonjwa mbele ya mganga wake, jibu lake usilichukue kuwa ndilo la mwisho.

Tena hata hapa kwetu, mkoa wa Mwanza, uchunguzi umefanywa katika wilaya ya Magu. Wachunguzi walikaa na akina mama, wakawasikiliza. Ilionekana kwamba mama anayeogopa kudharauliwa hutafuta njia ya kujikinga. Mmoja hunyamaza na kutii kila neno, hata asipolielewa. Mwingine huchelewa kwenda kituoni, au huamua kuzalia nyumbani. Hapo ndipo hatari ilipo, ndugu zangu. Mama akitokwa damu nyingi usiku, nyumbani hamna sindano ya kuizuia, wala hamna damu ya kumwongezea. Neno moja kali alilotupiwa mwaka juzi laweza kuwa ndilo lililomzuia leo asitoke nyumbani mapema.

Je, twalaumu wakunga? La, hasha. Mkunga naye ni mtu. Mara nyingi yuko peke yake zamu ya usiku, na wenye uchungu ni wanne au watano. Hajala, vifaa havitoshi, na mtoto akifa mikononi mwake, yeye pia huumia, ila hapati wa kumpa pole. Aliyechoka hukasirika upesi. Kwa hiyo wataalamu husema kwamba kuitawala hasira, kuitambua hofu ya mwenzako na kumsikiliza ni ujuzi wa kazi. Mtu hujifunza, kama anavyojifunza kufunga kidonda.

Na ujuzi huo wafanya kazi. Huko Korogwe wenyeji na watumishi wa afya walikaa pamoja, wakaandika mapatano ya kuheshimiana: mgonjwa amheshimu mwuguzi, na mwuguzi amheshimu mgonjwa. Kisha hospitali ya wilaya ikatengeneza mambo madogo madogo, kama mapazia ya kumsitiri mama na chumba cha faragha cha kumpokelea. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Wakilinganisha na hospitali ambayo haikufanya hivyo, waliona uwezekano wa mama kutendewa vibaya umepungua kwa kiasi cha theluthi mbili. Hawakujenga hospitali mpya.

Mkunga mwenye ujuzi huo hufanya nini? Tazameni. Kwanza, humwamkia mama: "Mwangaluka, mayu," kisha hutaja jina lake mwenyewe. Pili, kabla ya kumgusa humweleza atakalofanya, na humwomba ruhusa. Tatu, humsitiri kwa pazia au kanga. Nne, mama akilia, hamwambii, "Nyamaza!" Humwambia, "Pole, mama. Niko hapa." Tano, akiitwa kwa mwingine, humwambia anakwenda wapi na atarudi lini. Mambo haya matano hayamalizi hata dakika tano.

Na sisi tusio wauguzi tuna kazi yetu. Akina baba, msimwache mkeo aende peke yake. Ulizeni mapema kituoni kama mwenzi aruhusiwa kukaa naye. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila mwanamke apewe nafasi ya kuwa na mwenzi amtakaye wakati wa kujifungua. Mkunga akifanya vema, mshukuruni. Mkitendewa vibaya, msimtukane. Mwoneni mganga mfawidhi, au iambieni kamati ya kituo. Au andikeni barua mkaitie katika sanduku la maoni. Kwa nini mnajifunza kuandika, kama si kwa mambo kama hayo? Barua yenye tarehe, mahali, na habari iliyo wazi ina nguvu kuliko manung'uniko ya njiani.

Maneno ya kujifunza

Homoni: kitu kinachotolewa na mwili kupeleka habari katika damu.
Faragha: mahali ambapo wengine hawakuoni wala kukusikia.
Mwenzi: mtu anayekaa nawe, hapa, anayekaa na mama wakati wa uchungu.
Mfawidhi: mkuu anayesimamia kituo.

Maswali

1. Hofu hufanya nini katika mwili wa mama mwenye uchungu?
2. Kwa nini wanawake wengi zaidi walisema ukweli wakiwa nyumbani?
3. Katika wanawake 200, ukifuata hesabu ya 28 katika kila 100, wangapi walisema walitendewa vibaya?
4. Andika barua fupi, mistari sita, kwa mganga mfawidhi. Mshukuru kwa jambo moja, na umwombe atengeneze jambo moja.

Mwalimu wa darasa azisome barua hizo kwa sauti, kisha mshauriane ni ipi iliyo wazi zaidi. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, na mjifunze vema.