Upande wa Ndani wa Boneti

Somo letu la leo ni boneti, yaani kifuniko cha injini ya motokaa.

Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, watu wa Kenya, walishinda mashindano ya Safari kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Hata leo vijana hutaka magari yao yafanane na ya mashindano, na wengine hupamba boneti mpaka upande wa ndani. Kupamba si vibaya, lakini yashikeni mambo matatu.

Kwanza, mbavu za bati zilizo ndani msizikate ili boneti iwe nyepesi. Mbavu ndizo nguvu yake. Boneti dhaifu hutikisika katika makorongo. Ikifunguka gari likienda mbio, huziba kioo cha mbele, na dereva haoni njia. Kwa hiyo magari ya mashindano huongezewa pini za kufungia boneti.

Pili, msibandike sponji ya godoro wala gunia. Vitu hivi hushika moto upesi. Tumieni kitambaa kilichotengenezwa kuzuia joto la injini.

Tatu, kabla ya kupaka rangi, ngojeni injini ipoe. Osheni mafuta, sugueni kutu, kisha pakeni rangi inayostahimili joto.

Sasa chukueni madaftari. Mwombeni dereva awafungulie boneti, mhesabu mbavu zake. Halafu andikeni jibu: Kwa nini mbavu zisikatwe?