Amana Iliyo Katika Baridi

Hotuba ya mkunga mstaafu mbele ya wanachama wa Jumuiya, wake kwa waume





Halmashauri iliponitaka niseme machache juu ya afya ya mama na mtoto, nilidhani mwataka habari za chanjo na maziwa ya mama. Kumbe bibi mmoja wa Jumuiya hii alinijia faraghani, akaniomba nieleze habari za mimba zinazowekwa katika baridi, kwa kuwa mwanawe na mkewe wamo katika jambo hilo. Wala si yeye peke yake. Wengi wameniuliza, na wote kwa kunong'ona, kana kwamba ni aibu. Si aibu, wala si jambo la mwanamke peke yake: katika karibu nusu ya nyumba zisizopata mtoto, upande wa mume nao una sehemu yake. Yafaa mabwana mlio mbele mlisikie hilo.

Mwanzo wa mambo haya wajulikana. Mwaka 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa mtoto wa kwanza ambaye yai la mamaye na mbegu ya babaye vilikutanishwa ndani ya chombo, kisha mimba ile changa ikatiwa katika mfuko wa uzazi wa mamaye. Kazi hiyo ilikuwa ya Robert Edwards, Patrick Steptoe na bibi Jean Purdy. Hapa Uganda mtoto wa kwanza wa namna hiyo alizaliwa Kampala mwaka 2004. Mimba hiyo changa, ambayo wataalamu huiita kiinitete, katika siku yake ya tano ina seli mia na zaidi, nayo ni ndogo kuliko punje ya mchanga.

Mama hupewa sindano ili mayai mengi yapevuke kwa mara moja, kwa hiyo aghalabu hupatikana viinitete vingi kuliko vinavyohitajika. Basi vinavyobaki viwekwe wapi?

Adui wa kila kilicho hai katika baridi ni maji yaliyomo ndani yake. Maji yakiganda hufanya vipande vya barafu vyenye ncha kama sindano, na vipande hivyo huipasua seli. Mwaka 1949, kwa bahati ya chupa iliyobandikwa jina lisilo lake, wataalamu wa London walitambua kwamba mbegu za jogoo zikichanganywa na gliserini huweza kugandishwa na kurudi hai. Mwaka 1972 wakaweza kugandisha viinitete vya panya, navyo vilipopandikizwa vikazaa panya wazima. Mwaka 1984, katika mji wa Melbourne, Australia, akazaliwa binadamu wa kwanza aliyekuwa amehifadhiwa namna hiyo.

Njia ya zamani ilikuwa ya polepole. Joto lilishushwa kwa takriban theluthi moja ya digrii kwa dakika, ili maji yapate kutoka katika seli kabla ya kuganda. Njia ya sasa ni kinyume chake. Kiinitete hutiwa katika dawa nzito, kisha huzamishwa ghafula katika nitrojeni ya maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Joto hushuka maelfu ya digrii kwa dakika, hata maji hayapati nafasi ya kufanya barafu. Yote huwa kama kioo. Njia hii ilijaribiwa kwa panya huko Marekani mwaka 1985, na wataalamu wa Japani wakaiendeleza sana. Katika maabara hodari, zaidi ya viinitete 9 katika kila 10 hutoka salama.

Sasa nafika katika jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Miaka mingi iliyopita nilimpokea mama mmoja mwenye mimba ya watoto watatu. Yeye na mumewe walikuwa wameuza kiwanja ili kulipa matibabu, nao walimsihi daktari awatie vitatu kwa pamoja, maana hawakuwa na fedha za kurudi mara ya pili. Watoto walikuja katika wiki ya 29. Tulizika wawili katika siku nne. Simlaumu mtu, walitaka kilichotakwa na kila mzazi. Lakini tumbo la mwanadamu halikuumbwa kwa hesabu ya fedha. Mimba ya mtoto mmoja hukaa wiki 40. Ya mapacha kwa kawaida haizidi sana 36. Ya watatu hukaribia 32 au 33 tu.

Hapo ndipo baridi inapokuwa msaada kwa mama. Mwaka 2004 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika nchi za Skandinavia kwa wanawake 661 walio chini ya umri wa miaka 36. Kundi moja walitiwa viinitete viwili kwa mara moja. Kundi la pili walitiwa kimoja, na kisiposhika wakatiwa kingine kimoja kilichotoka katika baridi. Waliozaa katika kundi la kwanza walikuwa 43 katika kila 100, na katika la pili 39. Tofauti ni ndogo. Bali katika kundi la kwanza, thuluthi ya uzazi ulikuwa wa mapacha au zaidi. Katika la pili haukufika hata mmoja katika 100. Basi mtu akimwambia daktari, "Tutie mapacha tumalize kazi," na ajue aomba nini.

Isidhaniwe kwamba baridi haina madhara yake. Mwaka 2016 wataalamu wa China walitangaza habari za wanawake 1,508 wenye ugonjwa wa vifuko vingi katika ovari. Waliogandishiwa viinitete vyote na kungoja walizaa zaidi, 49 kwa 42 katika kila 100, na ule uvimbe wa ovari unaojaza maji tumboni kwa ajili ya sindano ulipungua kutoka 7 hadi 1. Lakini shinikizo la damu la hatari la waja wazito liliongezeka, kutoka 1.4 hadi 4.4 katika 100. Yaonekana hatari hiyo ni kubwa zaidi pale mfuko wa uzazi unapotayarishwa kwa dawa tupu, pasipo yai la mwezi huo kupevuka. Mama ambaye mayai yake hupevuka vema na amwulize daktari kama aweza kungoja mwezi wake wa kawaida.

Masheikh wetu wataniwia radhi nikigusa lililo lao. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao cha Amman mwaka 1986, iliruhusu njia zile tu ambazo yai ni la mke, mbegu ni ya mume, na tumbo ni la mke huyo huyo. Mwaka 1990, huko Jeddah, ikaamua kwamba yasirutubishwe mayai zaidi ya yanayotakiwa kwa mara hiyo, na kwamba kiinitete kisitiwe kwa mwanamke mwingine kamwe. Dar al-Ifta ya Misri imeruhusu kugandisha viinitete, kwa sharti vilindwe visichanganywe na vya wengine, navyo vitumiwe ndoa ingalipo. Talaka au mauti yakitokea, ruhusa hiyo imekwisha. Kwa hiyo mke na mume na wakae na sheikh wao kabla ya sindano ya kwanza, si baada yake, waamue yarutubishwe mayai mangapi. Kisha waandike, na wote wawili watie sahihi: ni nani alipaye ada ya kuhifadhi kila mwaka, na lifanyike nini ikiwa mmoja wao hayupo.

Na wewe binti yangu, mimba ikishika, siku ya kwanza uendapo kliniki mwambie mkunga kwamba ilitoka katika baridi. Usimfiche kwa haya. Hakuulizi ili akuseme. Atakupima shinikizo la damu na mkojo kila uendapo. Ukiumwa sana na kichwa, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, au ukipata maumivu chini ya mbavu, usingoje siku ya miadi. Nenda usiku huo huo.