Saa ya Bei Mbaya: Pambo, Akiba au Dhamana?

(Mada iliyosomwa na Kamati ya Mikopo katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Karatu)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi tukiwa na sanduku letu, kufuli zake tatu, na funguo zake tatu mikononi mwa akina mama watatu tofauti. Wapo waliosema hatutafika hata miaka miwili. Haya, tumefika.

Kamati ya Mikopo tumepewa dakika ishirini, na tumeona tusizitumie kujisifu. Sifa zitasemwa na wengine, na pilau linanukia hadi huku. Tunataka kusema juu ya jambo ambalo limerudi vikaoni mwaka huu wote, na ambalo litapigiwa kura baada ya chakula. Je, mwanachama akopeshwe fedha za mfuko ili anunue saa ya mkononi ya bei kubwa? Na je, saa hiyo hiyo ikubaliwe kuwa dhamana ya mkopo?

Wageni wetu msicheke. Jambo hili lina chanzo chake. Karatu ni njia ya kwenda Ngorongoro. Wanetu wanaendesha magari ya watalii, mabinti zetu wanahudumu hotelini, na miongoni mwetu wapo wanaopeleka mboga na mayai kwenye hoteli hizo hizo. Mkono wa mgeni unaopokea kikombe cha chai unaweza kuwa umevaa saa yenye thamani ya nyumba ya mtu. Tena wageni wengine hupenda maongezi: hii nilinunua kwa kiasi hiki, leo inauzwa mara mbili. Kijana akirudi nyumbani anamwambia mzazi wake, "Mama, saa si matumizi, ni kitega uchumi. Unavaa, unafurahi, halafu unauza kwa faida." Mama naye anakuja kwetu na fomu ya mkopo.

Sasa tusimbeze kijana. Anachosema kina ukweli ndani yake. Mwezi Oktoba 2017, huko New York, saa ya Rolex aina ya Daytona iliyokuwa ya mcheza sinema Paul Newman iliuzwa mnadani kwa dola zaidi ya milioni 17. Saa hiyo alinunuliwa na mke wake, Joanne Woodward, enzi ambazo saa za aina hiyo ziliuzwa dukani kwa dola mia chache tu. Nyuma yake mama huyo aliandikisha maneno ya kumsihi mumewe aendeshe gari kwa uangalifu, maana mzee alipenda mashindano ya magari. Angalieni vizuri hapo, akina mama. Yule mama hakuwa anawekeza. Alimnunulia mumewe saa kwa mapenzi na kwa hofu ya ajali. Kilichopandisha bei ni mkono ulioivaa, na mkono huo haununuliwi dukani pamoja na saa.

Upande wa pili wa habari hiyo hausimuliwi sana kwenye magari ya watalii. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkononi ya kwanza ya kwazi, yaani inayoendeshwa na betri na kipande cha jiwe, iliyoitwa Astron. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, karibu sawa na gari dogo kwa wakati ule. Miaka haikuwa mingi, teknolojia ile ile ikawa rahisi kiasi kwamba leo unapata saa ya betri mnadani kwa bei ya kuku, na inashika majira sawasawa. Uswisi, kwenye saa za kutia ufunguo, walitikisika vibaya: wafanyakazi wa viwanda vya saa walikuwa kama 90,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi moja. Wale ndio waliokuwa wakijua saa kuliko mtu yeyote duniani, na bado hawakuliona lile linakuja.

Tena si mambo ya zamani tu. Wakati wa corona watu wa nchi tajiri walikaa ndani na fedha zao, na bei za saa zilizokwisha kuvaliwa zikapanda kama moto wa nyika, hadi miezi ya mwanzo ya 2022. Kisha zikaanza kushuka, na aliyenunua kileleni kwa kuambiwa kwamba saa haishuki alibaki ameivaa hasara yake mkononi.

Hebu tupige hesabu yetu wenyewe. Saa mpya ya Rolex, ile ya chuma cha kawaida isiyo na dhahabu wala almasi, ni zaidi ya dola 5,000. Tuseme milioni 13 za Kitanzania. Mwanachama anayenunua hisa tano za shilingi 5,000 kila wiki bila kukosa anaweka 25,000 kwa wiki, ambayo ni 1,300,000 kwa mwaka. Milioni 13 ni miaka kumi. Ni umri wote wa kikundi hiki, mvua na jua, kwenye mkono mmoja, na mkono huo unapanda basi la Arusha.

Mwenye saa hiyo bado hajamaliza kulipa. Saa ya namna hiyo inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa, na vipuri vyake kampuni huwapa mafundi iliowaidhinisha yenyewe. Fundi wetu wa kando ya stendi tunamheshimu, anabadilisha betri na mkanda vizuri sana, lakini hiyo si kazi yake. Ukipoteza karatasi zake na kisanduku chake, bei inashuka. Na za bandia zimejaa, nyingine zimetengenezwa kwa ustadi hata mfanyabiashara mzoefu hufungua mfuniko wa nyuma ndipo aseme neno. Je, sisi Kamati tukiletewa saa kuwa dhamana, nani kati yetu atafungua mfuniko?

Lakini jambo lililotusumbua zaidi ni jingine. Dhamana tunaidai siku ya shida, na shida ya Karatu huja kwa wote pamoja. Mwaka 2020 corona ilipoingia, watalii walikatika. Mnakumbuka barabara ilivyokuwa, magari ya safari yameegeshwa majumbani, vijana wamerudishwa bila mshahara. Wiki zile ndizo akina mama walizokuja kuomba mfuko wa jamii. Sasa fikirini mwenzetu angekuwa na saa ya milioni 13 kabatini. Angemuuzia nani? Mnunuzi wa saa ni mgeni, na mgeni ndiye huyo asiyekuja. Kitunguu cha Mang'ola nacho kina siku zake mbaya, watu wa bonde la Eyasi mnalijua hilo kuliko sisi, ila hata bei ikianguka kuna mtu anakuja na lori. Mbuzi ana mnada. Saa ile haina mnada hapa.

Mtu atauliza, na tanzanite je? Ni jiwe letu, linatoka Mirerani, si mbali. Kweli. Liligunduliwa 1967, na jina la tanzanite lilipewa na kampuni ya Tiffany ya Marekani mwaka uliofuata. Lakini mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba kule Marekani, gazeti moja la huko liliandika kwamba biashara ya jiwe hili inawanufaisha magaidi. Tiffany hao hao wakaacha kuliuza kwa muda, na bei ikaporomoka. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani ikasema haikuona ushahidi, lakini mchimbaji aliyekuwa na jiwe mfukoni miezi ile alikuwa amekwisha kuuza kwa bei ya kutupa. Aidha, ukinunua jiwe lililochongwa kwenye duka la watalii, unalipa bei ya mtalii. Ukirudi kuliuza utapewa bei ya mchuuzi.

Dhahabu ndiyo iliyotugawa. Mmoja wetu katika Kamati hakubaliani nasi, na tumekubaliana maneno yake yasomwe. Anasema wanawake wa pwani, Mombasa na Unguja, tangu zamani wamevaa bangili za dhahabu ambazo ni raha na ni akiba, mali ya mwanamke mwenyewe. Dhahabu hupimwa kwa mizani, ya karati 22 ni sehemu 22 safi kati ya 24, na sonara wa mji wowote ataielewa bila karatasi. Hayo yote ni kweli. Sisi wengine tunajibu kwamba dhahabu nayo hulala. Mwaka 1980 wakia moja ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa dola 250 na kitu. Aliyeshika alisubiri miaka mingi sana kabla ya kuiona ikivuka dola 4,000 mwaka 2025. Tena sonara anaponunua hulipa uzito, ile gharama ya ufundi uliyotoa dukani haina mwenyewe. Mwenzetu amesema kusubiri ndiyo maana ya akiba. Hapo hatukumshinda.

Jamani, tusieleweke kwamba tunachukia mapambo. La hasha! Mwanamke aliyeamka alfajiri miaka kumi ana haki ya kitu kizuri mkononi mwake, iwe bangili ya shaba ya wahunzi wa Kidatoga au saa inayong'aa inayosema saba wakati sisi tunasema saa moja. Raha ni sababu ya kutosha ya kununua, haihitaji kuvishwa jina la kitega uchumi. Tunachokataa ni kuilipia raha ya mmoja kwa hisa za wenzake.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza hivi. Dhamana ya mkopo iendelee kuwa hisa za mkopaji pamoja na wadhamini wawili, saa na vito visipokelewe. Anayetaka saa, bangili au kito, anunue kwa mgao wake wa mwisho wa mwaka, na kikao kisimhoji hata neno moja. Suala la dhahabu kuwa dhamana, kwa sababu ya hoja ya mwenzetu, lipigiwe kura peke yake.

Kura zitakuwa mbili. Punje ya hindi ni ndiyo, punje ya harage ni hapana, na kila mwanachama atapita nyuma ya pazia peke yake. Walio na hisa pungufu nao wana haki ya kupiga kura. Wageni wataendelea na soda.