Kona ya Msomaji: Hii Ni Historia au Ni Hadithi?

(Muziki unashuka.)

Leo tuzungumze juu ya vitabu, maana hata kambini vitabu vipo. Vimechanika majalada, vimepita mikono mingi, lakini vipo. Mimi husoma chochote ninachopata: historia, riwaya za mambo ya kale, hata hadithi za vyombo vinavyoruka kwenda sayari nyingine. Na kila nikifungua ukurasa wa kwanza hujiuliza: huyu anayenisimulia, ananieleza yaliyotokea, au anabuni?

Chukua Vita vya Majimaji. Mwaka 1905, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, watu waliolazimishwa na Wajerumani kulima pamba waliinuka. Mganga wa Ngarambe, Kinjeketile Ngwale, alikuwa amewagawia maji na kuwaambia kwamba risasi haitawadhuru. Wajerumani walimnyonga mwaka huohuo. Vita viliendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa iliua watu wengi kuliko bunduki. Katika miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Hiyo ni historia. Ina miaka, ina mahali, ina mashahidi.

Lakini shahidi hawezi kukuambia Kinjeketile alikuwa akiwaza nini usiku. Hapo ndipo alipoingia Ebrahim Hussein, na tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969. Anamwonyesha mtu ambaye neno lake limemzidi nguvu: maji yamewaunganisha watu waliokuwa wakigombana, na sasa yeye mwenyewe anaogopa yatakakowafikisha. Mwishoni anatakiwa akane maji yake, naye anakataa. Je, ilikuwa hivyo kweli? Hussein hakutudanganya. Mwanzoni mwa kitabu anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Mimi nampenda kwa uungwana huo.

Abdulrazak Gurnah naye, ambaye aliikimbia Zanzibar akiwa kijana na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, anatuonyesha katika riwaya yake ya Peponi mtoto Yusuf, wa miaka 12, aliyetolewa kwa mfanyabiashara kulipia deni la baba yake. Vitabu vya historia vina majina ya magavana. Watoto kama Yusuf hawakuandikwa popote.

Sasa tazama kinyume chake. Mwaka 1863 Mwingereza John Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Humo alidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu ni uzao wa watu bora kuliko wengine, waliotoka kaskazini. Yeye mwenyewe aliita hiyo nadharia yake. Alitazama nyuso na vimo vya watu, akajaza yaliyobaki. Lakini wakoloni waliipokea, ikafundishwa Rwanda na Burundi kama historia, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake. Wengi wenu mnajua vitambulisho vile vilifanya nini baadaye. Ingeuzwa kama riwaya, ingekuwa riwaya mbaya tu, na watu wangeisahau.

Na zile hadithi za vyombo vya angani? Wapo wanaoziona upuuzi. Siwaungi mkono. Mkenya Katama Mkangi aliandika Walenisi, iliyotoka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa katika chombo na kurushwa angani ili apotelee huko. Badala ya kufa anafika katika nchi ambako watu wanaishi kwa haki na usawa. Litamke jina la nchi hiyo polepole: wale ni sisi. Hakuna msomaji atakayeamini kwamba safari hiyo ilitokea, na kwa hiyo haiwezi kumdanganya mtu. Inakuuliza tu: kama wale ni sisi, mbona sisi tunaishi hivi?

Mtoto aliyezaliwa hapa kambini hajawahi kuona kijiji chenu. Anakijua kwa mdomo wako tu. Majirani wa kule, waliowaficha na waliowafukuza, anawajua kwa mdomo wako pia.

Kazi ya vikundi wiki hii: mwombeni mzee mmoja awasimulie habari za nyumbani kabla ya safari. Kwa kila jambo, aulizwe kwa heshima: Babu, au Bibi, hili uliliona mwenyewe, uliambiwa, au unadhani? Andikeni majibu katika mafungu matatu. Akifika mahali panapomuumiza, msimsukume. Mwacheni apumzike, na kama anapenda, awasimulie ngano badala yake.

(Muziki unapanda.)